Mtoto Akiumia, Mama Afanye Nini?

Akina mama wenzangu, wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na ni mama kwa karibu muda huohuo, na nimeona kwamba mara nyingi uchungu huo huanzia kwenye jambo dogo: goti lililochunika, kidole kilichobanwa na mlango, kifundo cha mguu kilichoteguka uwanjani, chai iliyomwagikia mkono. Magonjwa makubwa hayaji kila siku, na yakija tunajua njia ya hospitali. Majeraha madogo huja kila juma. Tena huja jioni, duka la dawa limefungwa na baba hajarudi, na hapo mama hana budi kuwa daktari wa nyumba yake.

Hapa kwetu Lugoba watoto hawakosi mahali pa kuumia. Tuko kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na malori ya kokoto kutoka kwenye machimbo ya mawe hupita mchana na usiku. Vijana huendesha bodaboda kabla ndevu hazijaota. Wavulana hucheza mpira peku. Wasichana wadogo huteleka uji na maharage kwenye mafiga wakiwa wamembeba mdogo wao mgongoni. Na msimu wa maembe ukifika, basi sisi wa zamu hujiandaa kupokea walioanguka mwembeni.

Kilichonifanya niandike makala hii ni chupa ndogo isiyozidi kidole gumba. Ndani yake mna vidonge vyeupe, vidogo kama shanga, vitamu kama sukari. Chupa za namna hii zimeanza kuonekana katika umoja wetu wa wanawake kanisani. Moja ililetwa na ndugu aliyetoka Ulaya, nyingine zilinunuliwa Dar es Salaam. Huitwa dawa za homeopathia, na ile inayosifiwa zaidi kwa maumivu ya kuanguka na kuteguka imeandikwa Arnica 30C. Siku moja, baada ya kikao, mama mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Dada nesi, hivi tuwape watoto wakiumia? Wewe kila siku ni Panadol tu." Tulicheka sote. Lakini swali lilikuwa la maana, nami naona lastahili jibu kamili.

VIDONGE HIVI NI NINI?

Homeopathia ilianzishwa Ujerumani na daktari aitwaye Samuel Hahnemann, aliyeandika mawazo yake ya kwanza mwaka 1796. Aliamini kwamba kitu kinachomletea mtu mzima wa afya dalili fulani, kikitolewa kwa kiasi kidogo mno, kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Tusimcheke. Zama zake madaktari walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa wingi na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa wa Hahnemann, aliyepewa dawa isiyo na nguvu na kuachwa apumzike, aghalabu alikuwa na bahati kuliko wa jirani.

Arnika ni mmea wenye maua ya manjano unaoota milimani huko Ulaya. Ili kutengeneza kidonge, huchukuliwa tone moja la maji ya mmea huo, likachanganywa na matone 99 ya spiriti au maji, kisha likatikiswa. Katika mchanganyiko huo huchukuliwa tone moja tena, likatiwa katika matone 99 mengine. Hufanyika hivyo mara 30, na ndiyo maana ya ile 30C kwenye chupa. Sisi watu wa pwani twaweza kuielewa hesabu hii vizuri. Ikifika mara ya 13 tu, kilichobaki ni pungufu ya tone moja lililodondoshwa katika Bahari ya Hindi yote. Na bado zimebaki mara 17. Kwa hiyo, mama unapompa mwanao kidonge hicho, unampa sukari. Mmea wenyewe haumo tena.

Wengi huchanganya homeopathia na miti shamba. Hizi ni mbili tofauti. Mwarobaini una uchungu wake na mshubiri una utomvu wake. Vina vitu halisi ndani yake, na kwa sababu hiyo vyaweza kusaidia na vyaweza kudhuru. Ndiyo maana pale Muhimbili ipo taasisi inayochunguza dawa za asili, kazi iliyoanza mwaka 1974. Serikali yetu nayo ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili watoa tiba hizo. Lakini ieleweke kwamba kusajiliwa kwa mtoa tiba maana yake ni kuwa anajulikana na anasimamiwa. Hakuthibitishi kwamba kila chupa aliyo nayo inaponya.

Uchunguzi umefanyika katika nchi ambako dawa hizi zimetumika muda mrefu. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupitia tafiti nyingi, lilisema hakuna hata ugonjwa mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliwashauri madaktari wake waache kuiandikia wagonjwa. Na kabla ya hapo, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasiitegemee kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI na kuharisha kwa watoto wachanga. Sisi tunaoishi na malaria kila mvua inaponyesha tusilisahau onyo hilo.

Je, vidonge vyenyewe vina sumu? Vile vilivyopunguzwa mara 30, hapana. Lakini si kila chupa imepunguzwa hivyo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi kuhusu vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno, na mwaka uliofuata ikaeleza kwamba vipimo vimeonyesha baadhi yake vina mmea wa sumu uitwao beladona kwa kiasi kisicho sawa, mara nyingine kingi kuliko kilichoandikwa. Sukari haiui, lakini mama hawezi kuona kwa macho kama ni sukari peke yake.

MBONA BASI MTOTO HUPOA?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki. Mama anasema: "Nilimpa vidonge vitatu chini ya ulimi, akanyamaza." Ni kweli alinyamaza. Hebu tuangalie kwa nini.

Kwanza, majeraha mengi madogo hupoa yenyewe. Mguu ulioteguka kidogo hupungua uvimbe baada ya siku chache, uwe umepewa kidonge, umepakwa Robb au umeachwa tu. Pili, ili kumpa mtoto vidonge hivyo mama humketisha, humshika kidevu, humwambia kwa upole afumbue mdomo, kisha hukaa naye. Mtoto ameshikwa na mama yake, hofu imeondoka. Maumivu yenye hofu ni makali kuliko maumivu yasiyo na hofu. Mama yeyote aliyezaa analijua hilo. Tatu, utamu nao una sehemu yake kwa watoto wachanga. Kliniki tunamwambia mama amnyonyeshe mtoto wakati wa sindano ya chanjo, au kabla kidogo, na Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri huo mwaka 2015. Kifua cha mama, joto lake na utamu wa maziwa hupunguza kweli maumivu ya sindano. Nimeliona hili mara nyingi: mtoto anashtuka, analia kidogo, anarudi kunyonya.

Kwa hiyo sikatai kwamba mtoto alitulia. Ninachosema ni kwamba aliyemtuliza ni mama yake, na mama yake hauzwi kwenye chupa.

MIKONO MIWILI, MIEMBE NA MPIRA

Nitaeleza yaliyotokea hapa jirani, ili mjue kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Mwanangu, akiwa na miaka 14, aliteguka kifundo cha mguu mpirani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mgeni kwetu na chupa yake ilikuwa mkobani. Kabla sijavua viatu vya kazi, kijana alikwisha pewa vidonge vitatu. Sikugombana naye. Nilimpima mwanangu kama nitakavyoeleza hapa chini, nikaona mfupa ni mzima. Nikamwekea barafu, nikamfunga, nikamwinulia mguu juu ya mto. Nilimweleza wifi waziwazi kwamba kitakachomponya ni mapumziko. Baada ya siku 10 kijana alikuwa anatembea vizuri. Wifi alipoondoka, alimgawia jirani yetu sehemu ya vidonge vyake, akamwambia: "Hata mtoto wa nesi amepona kwa hivi."

Jirani huyu ni mwanachama mwenzetu kanisani, mama wa watoto wanne, na mume wake hufanya vibarua machimboni. Mwezi uliofuata mwanawe wa miaka 11 alianguka kutoka kwenye mwembe, akajikinga kwa kiganja cha mkono wa kulia. Mkono ukavimba juu ya kifundo. Mama akampa vidonge asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu akaitwa fundi wa kuchua, akauvuta mkono kwa mafuta ya nazi na maji ya moto. Mtoto hakulia. Alikwisha ambiwa mara nyingi kwamba anakaribia kwenda jandoni na mwanaume halii.

Nilimkuta siku ya 12, Jumamosi, tulipokuwa katika ziara yetu ya kawaida ya kuwatembelea wazee na wagonjwa. Tulikwenda kumwona bibi yake. Tukakaribishwa chakula, na bibi akamkemea mjukuu: "Weka mkono huo! Nani alikufundisha kula kwa kushoto?" Mtoto akainamisha kichwa, akaacha kula. Hapo ndipo nilipouomba mkono wake wa kulia niutazame.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa mkono umevunjika karibu na kifundo na umeanza kuunga ukiwa umepinda. Mifupa ya watoto huunga haraka. Ni neema kubwa mfupa ukiwa umenyooka, na ni shida ukiwa umepinda. Ilibidi alazwe usingizi, mfupa ukanyooshwa upya, akafungwa bandeji gumu. Leo anaandika na anacheza, lakini kifundo chake hakigeuki chote. Akipokea kitu hukipokea kiganja kikiwa upande. Angefika siku ya kwanza au ya pili, huenda ingetosha kuunyoosha taratibu na kuufunga.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri, nilimuuliza mama yake, si kwa kumlaumu. Alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Dada, nilijua hospitali ipo. Lakini nauli sikuwa nayo, na nikifika nitaulizwa nilikuwa wapi siku zote. Ile chupa ilinipa kitu cha kufanya."

Akina mama, naomba tuyasikie maneno hayo. Mama hawezi kukaa mikono mitupu huku mtoto anaumia. Ukimwambia "usimpe hiki, usimpake kile" halafu ukanyamaza, umemwacha hana kitu, naye atarudi kwenye chupa, au kwenye mafuta ya taa, au kwenye mavi ya ng'ombe. Ubaya wa kidonge kitamu ni siku kinazokula wakati mfupa unaunga vibaya au kidonda kinaoza. Basi nawapa kitu cha kufanya, kisichokula siku, na kingi katika hivyo hakina gharama.

AKITEGUKA AU AKIPIGIKA

Mpumzishe. Weka kitu cha baridi: barafu ya dukani iliyofungwa ndani ya kipande cha khanga, au kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini, kwa dakika 15 hadi 20, kisha ondoa, rudia baada ya saa mbili au tatu. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Funga kwa kitambaa, isiwe kwa nguvu hadi vidole vikapoa au kufa ganzi. Inua mguu au mkono uwe juu kuliko moyo. Katika siku mbili tatu za kwanza usikande kwa maji ya moto wala kumwita mchuaji. Joto na kuvuta huongeza uvimbe, na kama mfupa umevunjika huusogeza.

Kwa kifundo cha mguu ipo kanuni nzuri iliyotolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, ambayo hata mama aweza kuielewa. Ni hiyo niliyomfanyia mwanangu. Kwa mtoto aliyefikisha umri wa kwenda shule, mwambie atembee hatua nne, hata kama ni kwa kuchechemea. Kisha bonyeza kwa kidole yale mafundo mawili ya mfupa, la ndani na la nje, upande wake wa nyuma na nchani. Bonyeza pia mfupa wa ukingo wa nje wa unyayo, katikati, upande wa kidole kidogo, na ule wa upande wa ndani, juu ya uvungu wa unyayo. Asipoweza hatua nne, au akiruka kwa maumivu unapobonyeza mfupa, anahitaji eksirei. Kwa mkono hakuna kanuni rahisi namna hiyo. Akianguka kutoka juu na kifundo kikavimba, au akawa anaukwepa mkono ule anapokula, anapovaa au anapooga, mpeleke.

AKIUNGUA

Maji, maji, maji! Maji safi ya baridi ya kawaida, yakimiminika polepole, kwa dakika 20 kamili. Yatazame kwenye saa, maana dakika 20 ni ndefu mtoto akilia. Hata kama zimepita saa mbili tangu aungue, bado yanafaa. Maji haya hutuliza maumivu kuliko dawa yoyote ya nyumbani, tena huzuia moto usizidi kuingia ndani. Kama bomba halitoi, tumia kata na ndoo. Usitumie barafu kwenye kuungua. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi kikavu kisichoganda. Kuungua kunakozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au kulikopo usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, si kwa nyumbani.

AKIJIKATA AU AKICHUNIKA

Nawa mikono kwanza, mama. Bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Damu ikikoma, osha kwa maji safi mengi na sabuni pembeni mwa kidonda mpaka mchanga uishe. Funika. Usiweke majivu wala udongo, kwa kuwa humo ndimo hukaa vijidudu vya pepopunda. Angalia kadi ya kliniki kama mtoto alimaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na kama ni mkubwa na kidonda ni kirefu au kichafu, uliza kituoni kuhusu chanjo ya kuongeza kinga. Akiumwa na mbwa, hata kama ni mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda siku hiyohiyo.

DAWA YA MAUMIVU

Ndiyo, ni ileile mliyonicheka nayo. Paracetamol ikitolewa kwa kipimo ni dawa njema na rahisi. Kipimo chake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mililita 5 zinamtosha. Soma lebo, kwa sababu ziko nyingine zenye miligramu 250 katika mililita hizohizo. Mtoto wa kilo 20 anatoshwa na nusu ya kidonge cha miligramu 500. Tumia kipimio kilichokuja na dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Ukizidisha, unaliumiza ini lake.

Ibuprofeni nayo hufaa kwa uvimbe, baada ya chakula, lakini ulizia kwanza duka la dawa au kituo, hasa mtoto akiwa na pumu, anaharisha au ana homa usiyoijua chanzo chake. Diklofenaki usimpe mtoto bila kuandikiwa. Na aspirini usimpe kijana aliye chini ya miaka 16, kwa sababu yaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo.

USINGOJE KUCHE

Mpeleke mara moja mtoto aliyegonga kichwa akawa anatapika tena na tena, anasinzia isivyo kawaida, anachanganyikiwa, anapata degedege, au anatoka damu au maji masikioni au puani. Vivyo hivyo kiungo kilichopinda, vidole vilivyopoa au kufa ganzi, kidonda kilicho wazi mdomo au kisichoacha kutoka damu, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua kufikia siku ya tatu. Aliyeumwa na nyoka hana cha kungoja: mlaze, usimwache atembee, kiungo kisitikisike, usichanje, na safari ianze.

Neno moja kuhusu wavulana wetu. Maumivu ni taarifa ambayo mwili unaileta. Mtoto aliyefundishwa kuyameza hatakuletea taarifa hiyo, nawe utaijua kwa kuona anakula kwa mkono wa kushoto. Ushujaa aufunzwe, ni vema, lakini ajue pia kwamba kumwambia mama "hapa panauma" si kulia.

NA SISI JE?

Kwa wauguzi wenzangu ninayo haja moja. Tuache lile swali la "ulikuwa wapi siku zote?" Mama aliyechelewa amekwisha kujiuliza njia nzima. Tukimpokea vizuri leo, kesho atakuja mapema.

Na kwa umoja wa wanawake makanisani, tukumbuke habari ya Msamaria mwema tuliyoifundisha watoto wetu miaka yote. Alimkuta majeruhi, akamtia mafuta na divai katika majeraha, akamfunga. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya nyumbani, na aliifanya kwa vitu alivyokuwa navyo. Lakini hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akatoa fedha yake. Mara nyingi sisi tunafanya ile nusu ya kwanza tu.

Baada ya mambo ya kijana yule, umoja wetu ulianza jambo dogo. Kila mwezi kila mwanachama hutoa alichojaliwa, na fedha hiyo huwa ni ya nauli tu: mtoto akiumia usiku, mama hatafuti pa kukopa bodaboda. Pia tunalo sanduku lenye bandeji, sabuni, glavu, paracetamol ya maji pamoja na kipimio chake, na karatasi yenye maelezo haya niliyoyaandika hapa. Sanduku linakaa nyumbani kwa jirani yangu yule. Tulipomchagua alisita, akasema hakusoma. Nikamwambia anajua jambo ambalo mimi sikulipata chuoni, yaani namna mama anavyojisikia akiwa amekaa na mtoto na hana la kufanya. Tangu achukue ufunguo, ameamshwa usiku mara nyingi kuliko mimi. Huuliza kwanza mtoto anaumia wapi, kisha humwambia ainuke atembee hatua nne.